Mita 14 Nilizoshuka Bila Kujua

Ukiwauliza wazamiaji ni siku gani iliwatia hofu zaidi, wengi watakutajia mkondo uliowachukua, au maji yaliyovurugika hata mtu haoni kiganja chake. Yangu ilikuwa siku ya shwari tupu. Bahari ililala, upepo hakuna, na kutoka kwenye boti tuliuona mwamba chini yetu wazi kabisa, samaki mmoja mmoja na vivuli vyao. Nilikuwa nimezamia mara 41, kila mbizi nimeiandika kwenye daftari, na nilijihesabu kuwa mtu anayejua anachofanya.

Kwa asiyewahi kuuona, ukuta wa matumbawe uko hivi. Juu kuna uwanda, mita 5 hadi 8 chini ya maji, penye jua la kutosha na vurugu za samaki wadogo. Unaogelea juu ya uwanda huo kwa muda, kisha chini yako panakatika. Hakuna mteremko wa kukuzoeza. Mwamba unashuka wima kama genge, na unachokiona chini ni buluu inayozidi kukoza hadi inakuwa giza. Mara ya kwanza nilipovuka ukingo wa namna hiyo tumbo lilinikaza, mwili mzima ukingoja kuanguka. Haukuanguka. Nilibaki palepale, nimening'inia majini, mapovu yangu yakipanda kando ya mwamba na mengine yakinaswa chini ya kingo za matumbawe na kung'aa kama zebaki. Tangu hapo napenda kuta kuliko aina yoyote ya mwamba, na siandiki haya kumtisha mtu asiende. Naandika kwa sababu kitu kilekile kinachoufanya ukuta uwe mzuri ndicho kilichonishusha mita 14 bila mimi kujua.

Kwenye mchanga, au kwenye mwamba wa kawaida, ukizama zaidi ya ulivyokusudia utagusa chini. Magoti yatakuambia. Ukutani hakuna cha kukuambia. Tena maji yakiwa machafu mtu haachi kutazama geji zake kwa woga, lakini maji yakiwa safi na mkondo haupo, hakuna kinachokusukuma wala kinachokutikisa. Ukitazama juu unaliona jua na tumbo la boti, unasema moyoni, niko karibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni na siku zote nimeihusisha na watu; kuihusisha na maji sikuwahi.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa dada mmoja aliyenizidi umri na aliyeanza kuzamia miaka mingi kabla yangu. Mpango tuliuzungumza kabla ya kuvaa: kina kisizidi mita 18, ukuta uwe bega la kulia tukienda na la kushoto tukirudi, mtungi ukifika bar 120 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) tugeuke, na bar 70 itukute tumesharudi kwenye uwanda. Mitungi ilikuwa ya lita 12, imejazwa bar 200. Ulikuwa mpango mzuri, wenye nafasi ya kutosha ya kusahihisha kosa.

Baada ya robo saa hivi tulimkuta ng'amba anakula.

Ng'amba ni kasa mwenye mdomo uliochongoka kama wa ndege, na chakula chake kikubwa ni sponji. Huyu alikuwa amejibana ukutani, pezi moja la mbele amelikita kwenye mwamba, anachimba. Anaingiza mdomo kwenye ufa, anauma, kisha anavuta kichwa nyuma kwa nguvu ya shingo yote mpaka kipande kinang'oka na kuacha wingu la vumbi jeupe. Vitatange wawili wa manjano walikuwa wamemganda shavuni, wanaokota makombo kabla hayajazama, na kila alipovuta kichwa nao walirudi nyuma pamoja naye, kisha wakasogea tena. Niliteremka kidogo chini yake ili nimwone uso. Kope zake zilikuwa nzito, zimekunjamana, na jicho lilinipitia likarudi kwenye kazi yake. Akahama, akashuka kidogo, akaanza kuchimba pengine. Nami nikashuka. Akahama tena.

Mwishowe aliuachia ukuta akaenda zake kwenye buluu. Mimi nikabaki natazama tumbawe lenye umbo la pepeo, kubwa kunizidi kimo, lililoota likitazamana na bahari wazi. Matumbawe ya aina hiyo husimama kuukabili mkondo ili vijidudu vya majini viyafikie vyenyewe, na kwa kuwa siku hiyo mkondo haukuwepo, nyuzi zake zote zilikuwa zimetulia kabisa. Nilijisikia vizuri mno. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uhakika kuliko yote: sikuwa na chembe ya wasiwasi. Niliinua mkono nikatazama kompyuta ya kuzamia, nikaona 29, na namba ile haikuniambia kitu. Niliisoma kama mtu anavyosoma namba ya nyumba asiyokwenda. Nikarudi kwenye nyuzi za tumbawe.

Ndipo nikasikia chuma. Ngo, ngo, ngo.

Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Inayafikia masikio yote mawili karibu wakati mmoja, kwa hiyo kichwa kinashindwa kujua imetoka upande gani. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikatazama hata chini. Mwisho nikatazama juu. Dada yule alikuwa mbali juu yangu, mapovu yake yamemficha nusu ya mwili, anagonga mtungi kwa kijiti cha chuma. Alipoona nimeinua uso, alisimamisha kidole gumba. Kwetu sisi wazamiaji ishara hiyo haimaanishi "safi", inamaanisha "panda." Nikatazama tena kompyuta: mita 32. Nikatazama geji ya hewa: bar 70. Ile 120 niliyotakiwa kuiona nilishaipita zamani.

Hofu ilikuja yote kwa mpigo, na miguu ikaanza kupiga yenyewe. Yeye alikwisha kubadilisha ishara. Kiganja kimefunguka, kinaelekea chini, kinakwenda taratibu. Polepole. Nakiri kwamba bila kiganja kile ningepanda kama kizibo.

Kupanda haraka ni hatari ya aina mbili, na nilikuwa nimefundishwa zote. Ya kwanza ni hewa iliyomo mapafuni na kwenye jaketi, lile vazi la kutiwa hewa ili mzamiaji aelee. Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba hewa ikikandamizwa hupungua ujazo na ikiachiwa hutanuka kwa kiasi kilekile. Kutoka mita 10 hadi juu ya maji, hewa hutanuka mara mbili. Aliyeziba pumzi mapafu yake yanaweza kuchanika. Ya pili ni nitrojeni, ambayo mwili huifyonza zaidi kadiri unavyokuwa chini na kwa muda mrefu zaidi. Ukipanda bila kuipa nafasi ya kutoka kwa njia ya pumzi, inatengeneza mapovu ndani ya damu na viungo. John Scott Haldane na wenzake walilichunguza jambo hilo kwa kutumia mbuzi, wakatoa majedwali ya kupandia mwaka 1908, na fikra ya kupanda kwa vituo tunayoifuata hadi leo ina mizizi kwao. Kasi niliyofundishwa ni mita 9 kwa dakika. Ni ndogo ajabu. Uking'ang'ania kuipima, utaona hata vipovu vyako vidogo kabisa vinakupita.

Tulipofika mita 20 hivi, akili ilinirudia. Siwezi kusema vinginevyo, maana mpaka wakati huo sikujua kwamba ilikuwa imeondoka. Hofu ilishuka, namba zikaanza kuwa na maana, na nikaona nimebakiwa na bar 60 na kidogo. Kwenye mita 5 tulisimama kando ya ukingo. Kituo cha usalama ni dakika 3, tulikaa 5. Nilitoka majini na bar 45.

Kwenye boti sikuwa na neno. Nilipolipata, lilitoka vibaya, kama lawama.

"Dada, mbona hukunifuata?"

Alikuwa anafungua mikanda ya jaketi lake, na hakuinua uso. "Nilikufuata, mdogo wangu. Nilifika mita 25 nikaona bado unashuka. Ningeendelea tungekuwa wawili chini na hakuna wa kugonga."

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Lakini siku ile kilichonisumbua zaidi kilikuwa swali jingine: nilishukaje? Sikupiga miguu kwenda chini. Mtu akiniuliza ningeapa kwamba nilikuwa nimesimama mahali pamoja.

Jibu la kwanza lilikuwa kiunoni kwangu. Nilikuwa navaa risasi, vile vipande vya madini mazito vinavyomsaidia mzamiaji kuzama, nyingi kupita mahitaji. Nilipoanza kujifunza nilihangaika kuzama, mkufunzi akaniongezea vipande, na tangu hapo sikuwahi kuvipunguza ingawa pumzi yangu ilikwisha kutulia. Sasa, ukiwa na risasi zilizozidi kwa kilo 3, unalazimika kutia kwenye jaketi takriban lita 3 za hewa zaidi ili uelee sawa, kwani lita moja ya hewa hubeba takriban kilo moja. Hewa hiyo ndiyo inayokusaliti. Kwenye mita 18 kanieneo, yaani mgandamizo wa maji na hewa iliyo juu yako, ni karibu bar 2.8, kwenye mita 32 ni bar 4.2. Hewa iliyokuwa lita 3 inakuwa lita 2. Umekuwa mzito kwa kilo nzima na hujafanya lolote. Na kwa kuwa umekuwa mzito unazama zaidi, na ukizama zaidi hewa inabanwa zaidi. Suti nayo imejaa vipovu vidogo ndani ya mpira wake, navyo vinabanwa vilevile. Ukutani, pasipo na chini ya kukusimamisha, jambo hili halina mwisho wake lenyewe. Linaanza taratibu kiasi kwamba mwili hauhisi, na kila dakika linaongeza kasi.

Jibu la pili lilikuwa masikioni. Nilijiuliza kwa nini masikio hayakunionya, maana kila mzamiaji anayajua maumivu yale. Ukweli ni kwamba yanaonya zaidi juu kuliko chini. Kutoka juu ya maji hadi mita 10 kanieneo huongezeka mara mbili, na usipoyasawazisha utapiga kelele. Kutoka mita 18 hadi 32 huongezeka mara moja na nusu tu, na mimi nilishuka kwa dakika kadhaa, nikimeza mate na kubana pua kwa mazoea bila hata kufikiri. Mazoea yale mazuri ndiyo yaliyoizima kengele.

La tatu ni ile raha. Hewa tunayoivuta ni nitrojeni kwa takriban asilimia 78, na chini ya kanieneo kubwa nitrojeni huilegeza akili kama dawa ya usingizi inavyofanya. Wengi huanza kuigundua karibu na mita 30, wengine kabla ya hapo. Jacques-Yves Cousteau, ambaye pamoja na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza mwaka 1943 regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, iliyotufungulia sisi wote njia, aliita hali hiyo ulevi wa vilindi. Wengine hupatwa na hofu, wengine hucheka. Mimi inanipa amani. Baada ya kulijua hilo, amani ya ghafla nikiwa chini imekuwa kwangu ishara ya kutazama namba, na nikiisoma namba najilazimisha kuitamka kichwani kwa maneno: nipo mita ishirini na mbili, mpango ni kumi na nane, nimezidi. Nikishindwa kuimaliza sentensi, napanda.

Zile risasi nilizishughulikia wiki hiyohiyo. Kipimo chenyewe ni rahisi na nilikuwa nimekidharau. Mwishoni mwa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50, unatoa hewa yote kwenye jaketi ukiwa juu ya maji, unashika pumzi ya kawaida na kutulia. Maji yakikufika usawa wa macho, una uzito unaofaa. Ukipiga mbizi bila kupenda, umezidisha. Lazima kifanyike mtungi ukiwa karibu kwisha, kwa sababu hewa nayo ina uzito: mtungi wangu uliojaa unabeba lita 2,400, na hizo ni karibu kilo 3. Anayejipima mtungi ukiwa umejaa atajikuta mwisho wa safari anashindwa kukaa kwenye mita 5. Nilipojipima nilizama moja kwa moja. Nilitoa kipande, nikajipima tena, nikatoa kingine. Zilikuwa kilo 3 kasoro kidogo.

Nilipozitoa, kuzamia kwangu kulibadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Miguu ilikuwa ikining'inia chini kwa sababu ya mkanda mzito, na kwa hiyo kila nilipopiga mapezi nilikuwa napiga kuelekea mwambani. Kabla ya hapo, kwenye mwamba mwingine, nilihisi kitu kimekatika chini ya pezi langu. Nilipogeuka niliona tawi la tumbawe limelala, na pale lilipokatika ni peupe pe, peupe kuliko mchanga. Sikumwambia mtu. Tumbawe hujengwa na viumbe vidogo laini vinavyojitengenezea nyumba za chokaa, tabaka juu ya tabaka. Aina za matawi hukua upesi kidogo, lakini yale makubwa ya mviringo mengi huongezeka takriban sentimita moja kwa mwaka au pungufu. Ukiliona lenye upana wa gari, unatazama kitu ambacho huenda kilianza kabla babu yako hajazaliwa. Mwili ukilala ulalo, miguu imekunjwa nyuma, pezi haligusi kitu. Nilikuwa nimeambiwa hayo tangu siku ya kwanza, na nilidhani ni suala la kujitahidi, kumbe lilikuwa suala la risasi.

Pumzi ndiyo iliyochukua muda zaidi, na ndiyo ninayoipenda zaidi kuizungumzia. Mapafu ni jaketi la pili, tena lililo bora kuliko lile la mgongoni. Ukivuta pumzi ndefu unapanda, ukiitoa unashuka, ila kuna kuchelewa kwa sekunde mbili tatu kabla mwili haujafuata. Anayeanza haungoji. Anavuta, anaona hapandi, anabonyeza kitufe cha jaketi, kisha pumzi na jaketi vinamnyanyua kwa pamoja, anaachia hewa yote, anaporomoka. Nilijifunza kuchagua alama moja ukutani, kwa mfano sponji yenye umbo la pipa, na kukaa mbele yake bila mikono wala miguu. Navuta, nangoja, mdomo wa pipa unashuka machoni pangu. Natoa, nangoja, unarudi. Dakika tano za hivyo zinachosha akili kuliko kuogelea. Kuziba pumzi hairuhusiwi hata mara moja. Ni kuongeza au kupunguza tu, bila kusimama.

Na hewa inakaa. Mimi nikitulia natumia kama lita 20 kwa dakika nikiwa juu ya maji. Kwenye mita 10 kila pumzi inabeba hewa mara mbili, kwa hiyo ni lita 40. Kwenye mita 30 ni lita 80. Ukiacha akiba ya bar 50, mtungi wa lita 12 unabakiwa na lita 1,800 za kutumia. Hizo ni dakika 45 kwenye mita 10, au dakika 22 kwenye mita 30. Nilipozipiga hesabu hizi kwa mkono wangu kwenye daftari, nilielewa bar 70 ya siku ile ilikuwa na maana gani. Na majedwali niliyofundishiwa yanasema hivyohivyo kwa nitrojeni: mwisho wa kukaa bila kulazimika kupanda kwa vituo ni dakika 56 kwenye mita 18, lakini 20 tu kwenye mita 30. Kina kinakula kotekote.

Kuna jambo moja ambalo sikufundishwa darasani, nimelipata kwa kurudi kwenye ukuta uleule mara nyingi. Ukuta wenyewe una vipimo. Matumbawe mengi yanayojenga mwamba huishi pamoja na mwani mdogo sana ulio ndani ya nyama yake, na mwani huo unataka jua. Kwa hiyo kadiri nuru inavyopungua umbo hubadilika. Karibu na ukingo utakuta matawi yaliyosongamana na mabonge ya mviringo. Ukishuka, tumbawe linaanza kujitandaza, linakuwa sahani, linakuwa rafu, kila moja imejilaza ili ipokee nuru kidogo inayofika. Chini zaidi sahani zinapungua, na nafasi inashikwa na mapepeo, sponji na vyote visivyohitaji jua. Lile pepeo kubwa nililoliganda lilikuwa likiniambia wazi kwamba nimetoka kwenye kina changu, laiti ningejua kulisoma.

Rangi nayo inasema. Nyekundu hufa mapema, ndani ya mita chache za mwanzo, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Siku moja nilijikwaruza kidole kwenye mita 20 hivi na damu iliyotoka ilikuwa ya kijani iliyofifia. Nikawasha tochi, ikawa nyekundu. Tangu hapo natembea na tochi hata saa sita mchana. Naielekeza kwenye kitu cha kijivu ukutani, na kitu hicho kinageuka kuwa sponji nyekundu kama shanga. Nazima, inakuwa kijivu tena. Kila nikifanya hivyo nashangaa upya. Na kila ukuta unapoonekana wa kijivu mno, natazama mkono wangu. Namba ya kompyuta ndiyo yenye neno la mwisho, hilo halina mjadala. Ukuta unanikumbusha tu kuitazama.

Kituo cha mita 5 nilikuwa nakiona adhabu, dakika za kungoja boti. Sasa ndicho ninachokitamani. Kwenye ukuta una bahati: huhitaji kuning'inia kwenye kamba katikati ya buluu, unarudi ukingoni na kuchagua kipande cha mwamba kama ukubwa wa meza. Mara ya mwisho kipande changu kilikuwa na kituo cha usafi. Samaki mdogo mwembamba wa buluu na mstari mweusi alikuwa anacheza juu ya tumbawe, na chewa mkubwa kama paja langu alikuwa amefika na kusimama mbele yake, mwili umeinama kidogo, mashavu yamefunguka. Yule mdogo aliingia mdomoni. Aliingia kabisa, nikauona mkia wake ukipita kati ya meno, akatokea kwenye shavu akiwa na kitu kinywani, akaingia tena. Chewa alitikisa mwili mara moja, kwa wepesi, na mdogo akatoka. Nadhani ile ilikuwa ishara ya kutaka kufumba mdomo. Nyuma yake pono wawili walikuwa wanangoja zamu. Nilipokumbuka kutazama saa, dakika 3 zilikuwa 6.

Miezi michache iliyopita nilishuka ukutani na kijana aliyekuwa na mbizi kama 20. Shwari ileile, maji yaleyale ya kioo. Mpango wetu ulikuwa mita 18. Alikuwa na kamera, na kamba mwenye pembe ndefu alikuwa kwenye ufa chini yetu. Nilimwona akianza kushuka. Hakupiga miguu. Alishuka kama pazia linavyoshuka, taratibu, macho yote kwenye kioo cha kamera, na mapovu yake yaliyokuwa yakipita kando ya bega langu sasa yalikuwa yakitokea chini ya miguu yangu. Nilimulika tochi mbele yake, hakuona. Nikashuka naye mita mbili, tatu, nne, nikajiona mkono umeshaanza kunyooka kumkamata pezi, na pezi lilikuwa mbali. Mwili wote ulitaka kumfuata. Hapo ndipo nilipojua dada yule alifanya kazi gani aliposimama kwenye mita 25 na kuizuia miguu yake isinifuate.

Nikasimama. Nikatoa kijiti cha chuma. Ngo, ngo, ngo.

Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Nikagonga tena. Alipoinua uso nilimwonyesha kidole gumba, na kabla miguu yake haijaanza kupiga, nikafungua kiganja.